Kiberiti Kilichokwenda Zahanati

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa bado nje ya ukuta wa shule, nikimsubiri mlinzi atafute ufunguo wa geti, niliposikia mchakacho mkubwa, mkavu, kama moto unaokula mabua ya mahindi shambani. Nilidhani kuna kitu kinaungua. Geti lilipofunguliwa nikaona kwamba ni saa nne, watoto wako mapumziko, na mamia yao wanachana pakiti kwa pamoja.

Mwalimu Mkuu alikuwa amenialika nije kuwaambia watoto wasome vitabu. Kabla ya hilo alitaka nione bango. Lilikuwa bango zuri, lina sahani ya samaki, mchicha, papai na glasi ya maji, na chini yake maagizo ya serikali kuhusu vyakula vinavyoruhusiwa kuuzwa shuleni. Chini ya bango lilikuwepo dirisha la kantini. Dirishani palikuwa na soda, biskuti za krimu, vijiti vya unga wa mahindi vyenye rangi ya chungwa isiyopatikana kwenye chungwa lolote, na barafu nyekundu zilizopaka midomo ya watoto wa darasa la kwanza kama wametoka kugombana.

"Sisi hapa tunazingatia mwongozo, mwandishi," aliniambia. "Hakuna kinachoingia bila kufungashwa. Kila kitu kina nembo."

Alilitamka neno nembo kama padri anavyotaja sakramenti. Nilitabasamu, maana nimelelewa vizuri. Lakini dharau niliyokuwa nayo haikuwa ya siku ile. Niliibeba kutoka mbali, na nilijua hasa ilipoanzia.

Mama yangu alikuwa akiuza matobolwa kwenye lango la shule yetu, Mabatini. Kama hukukulia kwetu, nikuambie: viazi vitamu huchemshwa, humenywa, hukatwa vipande, kisha huanikwa juani siku kadhaa mpaka vikauke na kuwa na rangi ya asali iliyokaa. Ukitafuna kipande kimoja, kwanza ni kama unatafuna ngozi, halafu utamu unaanza kutoka taratibu, unakusindikiza somo zima la hisabati. Mama alianika vyake juu ya jiwe lililokuwa nyuma ya chumba chetu cha kupanga, jiwe pana kama uwanja wa kanisa, ambalo aliliosha kwa maji ya moto na kulisugua kwa ufagio wa chelewa kabla ya kutandika mkeka. Kuku aliyelisogelea alijuta. Langoni alikaa mwenyewe, na beseni lililofunikwa kitambaa cheupe alichokitarizi maua, na kata ndogo ya kibuyu ya kuchotea. Vipande viwili vya matobolwa na karanga za kukaanga, kata moja. Sikuwahi kuuona mkono wake ukigusa chakula cha mtoto wa mtu.

Nasema hivi sasa. Wakati ule sikuyaona haya, kwa sababu nilikuwa nafundishwa kutoyaona.

Mwaka ule nilikuwa wa kwanza darasani, na Mwalimu wa Sayansi, mwanamke mwenye viatu visivyoshika vumbi hata kiangazi, alinichagua kuwa kiranja wa afya. Nilishonewa kitambaa chekundu kifuani. Kazi yangu ilikuwa kukagua kucha na soksi mstarini kila asubuhi, nikiwa na rula mkononi, na kila Ijumaa kuwasimamia wenzangu kuosha vyoo. Soksi zilipaswa kuwa nyeupe kiasi cha kumfurahisha mgeni kutoka wilayani, kwa hiyo kulikuwa na amri kwamba vyoo vioshwe pekupeku. Tulivua viatu na soksi, tukavipanga kwa usafi ukutani, kisha tukaingia miguu mitupu kwenye yale maji yasiyokauka. Mimi nilitangulia, kwa kuwa ndimi kiranja. Wewe uliyesoma miaka ile unacheka, maana na kwenu ilikuwa hivyo.

Na darasani tuliimba.

"Minyoo inapenda nini?"

"Uchafuuu."

"Nani ana minyoo?"

"Mtu mchafuuu."

Kisha Mwalimu aligeukia dirishani, akaonyesha langoni kwa chaki. "Na wale wanaotuuzia vitu vya wazi pale nje? Mnadhani matumbo yao yakoje?"

Darasa lilicheka. Doto, jirani yangu wa nyumbani na wa dawati, alinitazama pembeni. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Tangu hapo nikawa napita langoni kama askari anayepita mbele ya ombaomba. Mama alikuwa na desturi ya kuniwekea vipande vyangu kwenye kikaratasi. Alinyoosha mkono, nami nikaendelea na safari.

"Kiranja," Doto aliniambia siku moja, mdomo wake umejaa, "mama yako anakuita."

"Amekaa eneo lisilo salama."

"Hee. Na jana usiku ulikula eneo gani?"

Nilikagua kucha zake nikaziandika.

Bwana Afya alikuja kwa pikipiki, na faili lililofungwa kwa mpira. Hakuwa mtu wa kwetu. Aliongea kama mtu aliyetumwa kutoka mahali penye lami. Alisimama mbele ya beseni la mama yangu, Mwalimu Mkuu wetu wa Mabatini akiwa nyuma yake mikono mgongoni, na sisi tukakusanyika kwa kuwa mapumziko yalikuwa hayajaisha. Mama alisimama, akampigia goti kidogo, ingawa kijana yule angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho.

"Hii ni nini?"

"Matobolwa, baba."

"Mato nini?"

"Viazi vimekaushwa."

"Vimekaushiwa wapi?"

"Juani. Juu ya jiwe."

"Juu ya jiwe," alirudia, na akaandika polepole ili Mwalimu Mkuu aone anavyoandika. "Tarehe ya kuisha matumizi?"

Mama alilifikiria swali hilo kwa heshima zote. "Vinaisha saa nne na nusu, baba. Kengele ikilia hakuna kinachobaki."

Tulicheka wote, hata mlinzi. Bwana Afya hakucheka. Masikio yake yalibadilika rangi, na nadhani jambo lote liliamuliwa hapo, na masikio yale. Alisema kwamba mtu yeyote anayetaka kuuza kitu karibu na shule lazima apimwe, na majibu yakitoka, asiye na cheti cha afya asionekane langoni. Kisha Mwalimu Mkuu akamnong'oneza kitu, naye Bwana Afya akaniita.

"Huyu ni mama yako?"

"Ndiyo," nilisema, kama mtu anayekiri kuvunja kioo.

"Kiranja wa afya. Vizuri. Basi uwe unaanzia nyumbani."

Jioni ile Mama hakuonyesha hasira. Alikuwa anasugua jiwe. Aliniambia kwamba cheti ni karatasi tu, atapimwa, atapata. Nikamuuliza itakuwaje akikosa.

"Nikikosa nitakwenda Kigongo kwa mama yako mdogo. Nitauza kwenye foleni ya kivuko. Kule watu wana njaa, hawana mafaili."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki kwa Mama Doto, usome. Nitakuwa nakuja Jumapili." Akamwaga maji. "Lakini kwa nini nikose? Mimi siumwi."

Nilimtazama. Miguu yake ilikuwa na nyufa. Alikula kwa mkono. Aliishia darasa la nne. Alilala chini, kwenye mkeka, ili mimi nilale kitandani. Kwa kila kipimo nilichofundishwa, mtu huyu alikuwa na minyoo. Nilijua kwa uhakika wa mtoto wa kwanza darasani kwamba atakosa, ataondoka, na nitabaki nikilala na Doto anayejamba.

Unakumbuka choo kilivyopelekwa zahanati siku hizo. Hapakuwa na vikopo vyenye vifuniko vya rangi. Ulichukua kiberiti kilichoisha, ukaweka unachopaswa kuweka, ukakifunga kwa karatasi na kuandika jina. Kwa kuwa Mama alitakiwa awe na beseni lake langoni kabla watoto hawajaingia, alinipa mimi nikipeleke. Jina nililiandika mwenyewe kwa penseli, mwandiko mzuri, wa kuunganisha. Yeye alinikabidhi siri ya mwili wake kwa sababu nilikuwa binti yake na kiranja.

Njia ya kwenda zahanati inapita katikati ya mawe. Pale yanapobanana, mtu anaweza kuchuchumaa asionekane na yeyote isipokuwa mijusi. Nilikuwa nimeficha mfukoni kiberiti cha pili, cha jikoni. Njiti zake nilizimwaga chini. Nilifukia kile cha Mama chini ya kokoto. Kisha nikajaza changu, kwa taabu na kwa maombi, nikakifunga kwa karatasi ileile yenye jina lake.

Sitaki unione mwovu. Lilikuwa tendo la upendo. Kucha zangu zilikuwa fupi, soksi zangu nyeupe, nilikuwa na kitambaa chekundu kifuani. Nilikuwa namkopesha mama yangu usafi wangu. Upendo wa aina hiyo ndio pekee uliofundishwa shuleni kwetu: kwanza umdharau mtu, halafu umwokoe.

Dirishani mwa zahanati kulikuwa na mwanamume aliyekuwa akila andazi. "Weka hapo," alisema, bila kunitazama, na kiberiti changu kikapangwa na viberiti vya wengine kama wanafunzi mstarini.

Majibu yalikuja wiki iliyofuata. Nilikuwa mbele ya shule, rula mkononi, Bwana Afya alipopanda kwenye kile kijukwaa cha bendera. Nimekaa na watu wengi wa ofisi tangu wakati huo na bado sijakutana na aliyefurahia karatasi kama yule. Aliwaambia watoto mia sita kwamba mwanamke anayewauzia viazi langoni amekutwa na safura, minyoo inayopenya nyayo na kunyonya damu, mayai mengi, na kwamba serikali haiwezi kuchezea afya ya taifa la kesho. Alitumia maneno hayo, taifa la kesho, mbele ya vyoo vile.

"Tulisema nini?" Mwalimu wa Sayansi aliuliza kwa furaha.

"Uchafuuu," shule ikaitikia.

Nilikuwa mtoto mwenye akili, ndiyo maana nilielewa kabla hawajamaliza kuitikia. Yale mayai mengi yalikuwa yangu. Mambo mengine yakajipanga yenyewe: kizunguzungu kilichonishika mstarini jua likipanda, moyo unaopiga nikipanda kilima, udongo wa ukutani niliokuwa nikiulamba nikidhani ni siri. Mwalimu aliniita mvivu wa michezo. Mama alikuwa ameniuliza mara mbili kwa nini viganja vyangu vimepauka, nami nikamjibu ni chaki.

Ningeweza kusema. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa Bwana Afya. Badala yake nilishuka kwenye mistari nikaanza kukagua, na siku hiyo nilimtoa mtoto wa darasa la pili kwa ajili ya kucha moja ya kidole gumba. Ninamdharau mwalimu yule, na Mwalimu Mkuu, na kijana wa pikipiki. Lakini yule msichana mwenye rula ndiye ambaye bado nikikutana naye usingizini nashindwa kumsalimia.

Wiki hiyohiyo kantini ilifunguliwa, ndani ya ua, kwenye kibanda kilichokuwa stoo ya majembe. Kilikuwa kimepakwa rangi ya bluu. Muuzaji alikuwa shemeji yake Mwalimu Mkuu, mwanamke mnene mwenye kikohozi ambaye hakuna aliyemwambia apeleke kiberiti mahali popote, kwa sababu vitu vyake vilitoka kiwandani, na kiwanda hakina tumbo la kupimwa. Tulikula biskuti, tukanywa unga wa rangi uliokorogwa kwa maji ya bomba lilelile la vyooni. Kufikia mwisho wa muhula Doto alikuwa ameoza meno mawili. Yeye alisema ni fasheni.

Mama alikaa nyumbani siku tatu. Alimaliza matobolwa yaliyokuwa juani, akawagawia majirani, akaukunja mkeka. Siku ya nne asubuhi alikuwa anafunga kitenge chake juu ya vitu vichache: sufuria, kanga mbili, ile kata. Mimi nilikuwa nimevaa sare. Nilisimama katikati ya chumba, nikasema kila kitu kwa mkupuo mmoja, bila nukta, jinsi tulivyokariri mashairi ya sikukuu. Kiberiti, mawe, kokoto, jina. Nikamwambia twende wote kwa Bwana Afya sasa hivi, nitasema mbele yake, nitasema mstarini, apimwe upya, apewe cheti, asiondoke.

Aliacha kufunga. Nilingoja kofi kwa hamu.

"Kwa hiyo ulidhani ninayo," alisema.

"Mwalimu alisema…"

"Sikukuuliza Mwalimu. Wewe ulidhani ninayo."

"Ndiyo, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei na hana la kupunguza. Alikaa kitandani, akanivuta, akakunja kope yangu ya chini kwa kidole gumba, akatazama ndani. Halafu akatazama viganja.

"Twende tukamwambie," nilisema.

"Ukimwambia, ataniomba radhi?"

Nilitazama soksi zangu.

"Atapanda juu ya kile kijukwaa, atataja jina lako. Watoto wale watakuimbia wewe mpaka darasa la saba. Mimi wameshaniimbia, nimesikia, si vibaya sana. Nilikuwa nje ya ukuta."

"Lakini utakaa hapa. Utauza."

"Kile kibanda kilipakwa rangi lini, mwanangu?"

"Sijui."

"Kilipakwa kabla hawajafungua kiberiti cha mtu. Ungepeleka changu, wangekuta nini sijui, kucha, kwapa, jiwe. Mtu hapaki rangi kibanda kisha akakiacha." Alisema hivyo kwa sauti tulivu, huku akifungua pindo la kanga. "Usibebe kisicho chako."

Nimejaribu maisha yangu yote kukumbuka harufu ya rangi ile ilianza lini. Ijumaa ya mwisho kabla ya majibu, tulipochukua mafagio stoo, je, ilikuwapo? Wakati mwingine naisikia, kali, inachoma pua. Wakati mwingine nasikia vumbi la majembe tu. Mama hayupo tena wa kuulizwa, na hata alipokuwepo sikuthubutu. Sijui kama aliniambia ukweli asubuhi ile au alinipa dawa nyingine.

Maana ndani ya pindo kulikuwa na dawa. Zahanati walimpa baada ya majibu, yeye mtu asiyeumwa: kidonge kikubwa cha kutafuna, na bahasha ya vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Alikuwa hajavigusa. Siku tatu alikuwa akikaa navyo, akinitazama nikila udongo. Hakuwa amengoja nikiri ili ajue mayai ni ya nani. Alikuwa amengoja tu niseme.

Aliweka kidonge kwenye kiganja changu kilichopauka.

"Tafuna."

"Wameandika jina lako."

"Tafuna, mwanangu, nisichelewe gari."

Nilitafuna. Kilikuwa na ladha ya chungwa la uongo. Alinipa maji, akanifungua mdomo kuangalia kama nimemeza, maana alinijua. Vile vyekundu aliviweka juu ya daftari zangu: kimoja kila siku, baada ya chakula, na viatu uvae hata chooni, hata Mwalimu akisema nini. Kisha akainua mzigo wake kichwani, akasema atakuja Jumapili, akatoka. Mlango wetu ulikuwa wa bati na ulikuwa umepinda; ukiuvuta tu ulipiga kelele mtaa mzima. Aliuinua kidogo kutoka nje kwa mikono miwili, akausukuma taratibu, ukafungika bila kelele.